Masale Tuliyopeleka Bila Kujua

Vijana wangu wa getini, gambuti nimezirudisha stoo. Ya kulia ina kiraka kisiginoni, na kiraka hicho hakipitishi maji, msikibandue kwa udadisi. Darubini ipo kabatini. Lenzi ya kushoto ina ukungu tangu mtu mmoja alipoiosha kwa sabuni ya unga. Simtaji, anajijua, na hapa anasoma pamoja nanyi. Fyekeo langu nimelinoa mara ya mwisho.

Mmeniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa zamani. Nikisimulia kwa mdomo huwa nahamia habari nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, mnaondoka mmoja mmoja, nabaki naongea na mbwa wa mlinzi. Basi nimekaa nikaandika. Na jamani, mkono wenyewe hautulii! Kila nikikumbuka kitu nataka kuinuka nikakitazame tena.

Mimi kwetu Kondoa. Shule niliiacha darasa la tano, na sikufukuzwa wala sikukosa sare. Niliona lori la vitunguu limesimama njia panda, shangazi yangu amekaa juu ya magunia, nikataka kujua linaenda wapi. Lilikuwa linaenda Arusha. Tangu hapo nimeuza vitunguu, nimechekecha udongo Mererani na wanawake wenzangu, nimefunga maua kwenye mashamba ya Usa River, nimepikia watalii kambini, nimeuza mitumba Kwa Mrombo. Kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu ilianza kuwasha. Ndugu zangu walishaacha kuniuliza naishi wapi, wakawa wanauliza nimefikia wapi.

Msituni nilikuja kupika. Ni huu msitu wetu wa chemchemi, juu ya barabara kuu kati ya Tengeru na Maji ya Chai. Wakati huo haukuwa na geti wala kibao, ulikuwa na kamba na kofuli bila ufunguo. Walitafuta mwanamke wa kuwapikia wapanda miti mpaka mvua zikatike. Nilifika asubuhi, nikatafuta kivuli kizuri, nikapanga mafiga, nikabandika maharage, nikajiona nimepata mahali pazuri kuliko kambi zote nilizowahi kupikia. Maharage yalipoanza kuiva vizuri, ikanyesha mvua ndani ya sufuria. Ndani ya sufuria tu. Pembeni kukavu kabisa.

Mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali akaja, akatazama sufuria, kisha akatazama juu.

"Dada," akasema, "umebandika maharage chini ya choo cha watu."

Nikainua macho. Mbega! Ukoo mzima, weusi wenye mabega meupe, mikia mirefu myeupe imening'inia kutoka kwenye matawi kama mapazia ya ukumbi wa harusi. Mmoja alikuwa amekumbatia mtoto mweupe pepepe kama pamba. Walinitazama kwa uso wa watu waliokatizwa kikao. Nilikuwa nimeishi Arusha miaka yote ile, nimepita barabara ile ile kwa lori, kwa basi na kwa miguu, na viumbe hawa walikuwa hapo juu muda wote, mwendo mfupi tu kutoka sokoni, na hakuna aliyeniambia!

Nikamwaga maharage, nikabandika mengine mahali pengine, na watu wakala wamechelewa wakinung'unika. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba mvua zikikatika sitaondoka.

Yule mwenye koti alikuwa Mzee Anaeli, mkuu wa askari wa msitu, Mmeru wa kitongoji kinachopakana na msitu, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri. Ndiye aliyenifundisha kazi. Hakutaka kunifundisha, nilimchosha. Nilimfuata na maswali kuanzia chai ya asubuhi hadi kufunga kazi. Kwa nini mbega hana dole gumba? Huu mti unalia maziwa kwa nini? Huyu mdudu anakwenda wapi?

"Zaituni," aliniambia siku moja, "Mungu alipokuwa anagawa maswali, ukoo wenu wote haukuja, akakupa wewe mzigo mzima uwapelekee."

"Sasa mzee, si unijibu machache nipunguze mzigo?"

Akanijibu. Na somo lake la kwanza ndilo nawaachia ninyi, kwa sababu nawaona mnavyokimbia na simu zenu: simama. Mtu anayetembea msituni anasikia gambuti zake tu. Ukisimama kidogo, ndege wanarudi kwenye mazungumzo yao. Ukisimama zaidi, unaanza kujua nani hayupo. Mzee Anaeli alikuwa anasimama, anainamisha kichwa kama anayesubiri kuingia kwenye wimbo, kisha anasema, "Leo kuna mtu na panga huko bondeni." Mimi nilikuwa sijasikia panga. Yeye pia hakusikia panga. Alisikia kwamba hondohondo wamenyamaza.

Hondohondo! Hapa nivumilieni. Mara ya kwanza alipopita juu ya kichwa changu nililala chini, maana mabawa yake yanapiga kelele kama mtu anayeburura bati. Halafu Mzee Anaeli akanionyesha tundu kwenye shina la mkuyu, limezibwa kwa udongo, limeachwa ufa mwembamba. Ndani yake alikuwa jike. Anajifungia mwenyewe, anataga, analea, na dume anamletea matunda na kumlisha kupitia ule ufa. Nilikaa chini ya mti ule mpaka ugali wa watu ukaungua. Nilitaka kujua akichelewa je? Akiumwa je? Akipata mwingine je? Mzee Anaeli akasema kwa hondohondo hajui, ila kwa majirani zake ana mifano.

Kazi ngumu zilikuwepo. Wachoma mkaa mnawajua, sitawasimulia. Wanafunzi kutoka chuo cha Makumira waliokuja wawili wawili "kujisomea", na vitabu visifunguliwe, mnawajua pia. Waacheni, hawakati miti. Kesi iliyonitoa jasho ni ile kwaya iliyokuja kurekodi video kwenye maporomoko. Niliwaambia wasisimame kwenye ule mstari mweusi unaotembea ardhini. Mwalimu wao akaniambia nafasi hiyo ndiyo yenye mwanga. Siafu nao waliipenda. Ubeti wa kwanza uliimbwa vizuri, wa pili soprano wakapanda sauti isiyokuwa kwenye wimbo, na wa tatu kila mtu alikuwa nyuma ya mti wake anavua nguo. Watu wenye heshima zao! Mzee Anaeli aligeuka akatazama mlima mpaka walipomaliza. Alisema Meru siku ile ilikuwa imefunguka vizuri mno.

Lakini kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya mkia.

Ninyi mmeukuta mkia ukiwa salama, mnadhani ulikuwa hivyo daima. Mnajua ule ukanda mwembamba wa miti unaotoka chini ya msitu, unapita kati ya migomba na kahawa za watu hadi mtoni. Pale pembamba kabisa ukirusha jiwe linatua kwenye shamba la upande wa pili. Kiangazi kikikolea, mbega wanapita juu kwa juu kwenye huo ukanda, mti hadi mti, mpaka kwenye mikuyu ya mtoni. Mbega hapendi kushuka chini. Chini kuna mbwa na kuna fimbo. Ukikata mkia, umewafungia mbega wa juu kwenye chumba kimoja, na kiangazi kibaya kimoja kinatosha kuwamaliza. Hatari hiyo nilikuwa naiona kwa macho yangu, na kila nilipopita pale pembamba moyo ulinipiga.

Majirani waliutaka mkia uwe mashamba. Na sikuweza kuwalaumu, maana sisi tulikuwa tumewafungia njia ya maji. Kabla sijapewa gambuti, waliotutangulia walizungushia uzio chemchemi na kuziba njia ya mkato. Sasa mnajua maji ya huku. Ya mtoni yana madini yanayogeuza meno. Mtoto anaota meno mapya, na kabla hajamaliza shule yamekuwa rangi ya chai. Chemchemi yetu ni tamu, haina kitu hicho. Tulipofunga njia, akina mama wakawa wanazunguka hadi bomba la barabarani, na bomba likikauka wanarudi mtoni.

Msemaji wao alikuwa Mama Elibariki, mjane mwenye shamba linalogusa mkia pale pembamba kabisa. Mbuzi wake tuliwahi kuwashika na kuwafunga getini kutwa nzima. Nikipita kwenye uzio alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamekunywa?"

"Nani, Mama?"

"Hao nyani zenu. Nauliza kama wamekunywa maji yangu."

"Si nyani, Mama, ni mbega."

"Haya, mbega. Mbega wenu ana meno meupe kuliko Elibariki wangu. Nimemwambia Elibariki aende akaote mkia, labda mtamfungulia geti."

Ungefanya nini? Nilicheka, naye akakasirika kwa sababu nilicheka, kisha akacheka na yeye, kisha akakumbuka mbuzi wake akakasirika upya. Ilikuwa hivyo kila siku. Mimi ni askari tu, ufunguo wa uzio sikuwa nao.

Mzee Anaeli akastaafu, nikabaki na masikio yake. Akaja mhifadhi mpya kutoka Songea, Bwana Komba. Ndiyo, mhifadhi wa msitu wenye komba, anaitwa Komba. Wale wanyama wakilia kwenye giza, vijana walikuwa wanasema bosi anakagua zamu. Alikuwa mtu mwema, msomi, anayependa neno moja kuliko yote: ushirikishwaji. Alishirikisha watu mpaka kwenye kuchagua rangi ya choo.

Siku moja akarudi kutoka ofisi ya kijiji uso umemshuka. Wanakitongoji walikuwa wameomba suala la mkia lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, nao ukikubali, maombi yaende mbele mkia ugawiwe. Na kwenye mkutano huo tungekosa hata wa kutupigia makofi.

"Na bikoni zimetembea tena," akasema. Bikoni ni zile nguzo za saruji za mpaka. Tulikuwa tunazisimika Jumatatu, katikati ya wiki zimeingia msituni hatua kadhaa, zimesimama wima kabisa, na nyasi zimepandwa kuzizunguka. Watu wa huku ni mafundi.

Hapo ndipo wazo likanipata, nikaruka kama niliyekanyaga siafu. Miaka yote nikipita mashambani nilikuwa nimeona kitu. Kati ya shamba na shamba kuna masale, ile mimea mirefu yenye majani kama panga, imepangwa mstari. Watu wanagombana, wanashtakiana, wanarushiana mawe, lakini sale haling'olewi. Sijawahi kuona mtu wa huku anang'oa sale la mpaka. Analizunguka kama analiogopa.

"Bosi! Tuachane na saruji. Tupande masale!"

Bwana Komba akasimama. Songea hawana jambo hilo, na Kondoa vilevile, lakini alilielewa papo hapo, akafurahi kuliko mimi. "Lakini tusipande sisi," akasema. "Tukipanda sisi wataona tunawapimia. Tupeleke masale nyumba kwa nyumba, kila jirani apande upande wake mwenyewe. Huo ndio ushirikishwaji!"

Tukakata vipande vyenye majani mazuri. Tukavifunga mafungu mafungu kwa nyasi ndefu, kwa sababu kamba ilikuwa imeisha. Ningekuwa na Mzee Anaeli karibu ningemuuliza, lakini alikuwa ameenda Moshi kwa binti yake. Nikabeba fungu zuri kuliko yote, nikaanza na Mama Elibariki, kwa kuwa nilitaka kumaliza lililo gumu kwanza.

Alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Sasa, mimi bibi yangu alinilea hivi: ukimpa mtu mzima kitu, unatumia mikono miwili na unapiga goti. Nikapiga goti. Nikamnyooshea lile fungu la masale lililofungwa kwa nyasi.

"Shikamoo, Mama. Bosi amenituma. Anasema upokee hiki, ni kwa ajili ya mpaka wetu, tuishi vizuri."

Hakujibu. Mama Elibariki, hakujibu! Punje za mahindi zilimtoka mikononi, kuku wakazikimbilia, hakuwafukuza. Akalitazama fungu, akanitazama magoti yangu.

"Amekutuma bosi mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Kwa hiari yake?"

"Amefunga nyasi hizi kwa mkono wake."

Akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akalipokea. Nikaona macho yake yamelowa. "Kamwambie tumepokea," akasema kwa sauti ndogo. "Tutakuja kujibu."

Nilirudi mbio mbio nikiwa na furaha. Nyumba nyingine zote zikawa hivyo hivyo: kimya, mikono miwili, tutakuja kujibu. Nikamwambia Bwana Komba, "Bosi, sijui tulikuwa tunahangaika na saruji kwa nini. Watu hawa wanapenda mimea kupita kiasi!"

Jumapili baada ya ibada tulisikia kuimba. Tukatoka getini. Kitongoji kizima kilikuwa kinapanda njia, wamevaa nguo za kanisani, wazee wana fimbo, akina mama wana vyungu kichwani. Walileta ndizi. Walileta loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, chungu cheupe kikubwa. Walileta na kondoo. Mbele alikuwa Mama Elibariki, amelishika lile fungu la masale kifuani kama mtoto mchanga.

Bwana Komba akaninong'oneza bila kugeuza kichwa. "Zai. Hawa wamekuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa kitu. "Bosi, nadhani wamekuja kutusamehe."

"Kwa kosa gani?"

Nyuma ya umati nikaona koti la mvua. Mzee Anaeli! Walikuwa wamempigia simu Moshi, akapanda basi la alfajiri, kwa sababu shughuli kama ile inataka mtu wa kusimama katikati. Nikamvuta pembeni, nyuma ya tangi la maji, nikamweleza haraka: bikoni, wazo langu, mafungu, nyasi, goti.

"Na goti ulipiga?"

"Nilipiga, mzee. Si ni adabu?"

Akashika tangi. Alianza kucheka bila sauti, besi ikamkaa tumboni, mabega yanatikisika, mwisho akakaa chini kwenye tope na koti lake. Akanieleza huku anafuta machozi. Sale ni mpaka, kweli, sikukosea. Lakini ndilo jani la kuomba radhi pia. Mtu aliyekosa, akiona kosa limemzidi, anamtumia aliyemkosea jani la sale. Na likishafika, kumkatalia ni vigumu. Wapo waliosamehe makubwa kwa sababu jani liliingia mlangoni. "Na ninyi," akasema, "hamkupeleka jani. Mmepeleka mafungu. Nyumba zote. Kwa magoti! Tangu nizaliwe sijaona serikali wala kampuni wala kanisa likiomba radhi hivyo. Wazee wamelala hawajui wafikirie nini."

"Sasa tufanyeje?"

Akaacha kucheka. "Sasa aliyeomba radhi lazima ataje kosa. Kwa mdomo wake, mbele yao. Akisema yalikuwa mambo ya mpaka tu, ni kama amewatemea mate ndani ya chungu. Mkia hamtauona tena. Kamwambie."

Nilikimbia nikamwambia Bwana Komba sikioni, kwa maneno machache niliyoweza. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wanamsubiri. Mtu huyu alikuwa hajamkosea yeyote, uzio aliukuta. Angeweza kusema hivyo, na ingekuwa kweli. Niliutazama mkia kule chini, kijani chembamba kati ya migomba, nikafikiria miguu yangu. Ukikatwa huu, nilijiambia, Zaituni utatafuta lori lingine.

Bwana Komba akavua kofia. Akasogea mbele ya Mama Elibariki. Akasema, bila lile neno lake, bila neno lolote la semina:

"Tulifunga njia ya maji. Hatukuwauliza. Watoto wenu wamekunywa maji mabaya, na sisi tulikuwa na maji mazuri nyuma ya uzio. Hilo ndilo kosa letu."

 

Mama Elibariki akamtazama kutoka viatu hadi nywele. "Na mbuzi?" akasema.

"Na mbuzi, Mama."

"Hapo sawa!" Akapiga kigelegele, na wengine wote wakadakia, na kondoo kwa hofu akakata kamba, akapita katikati ya wazee, akapenya uzio, akaingia msituni moja kwa moja. Vijana wa kitongoji walitaka kumfuata, wakasimama kwenye uzio, wakatutazama.

"Pitieni," akasema Bwana Komba. "Fungueni tu."

Ndivyo njia ilivyofunguliwa, vijana. Ilifunguliwa na kondoo. Ile kona mnayoisifu kwa wageni, inayozunguka mti wa mringaringa bila sababu, ndipo alipopita. Kuhusu huyo kondoo, alikamatwa kabla ya loshoro kwisha, na mimi Mwislamu nikaombwa nimchinje kwa taratibu zangu, nikasema mimi mwanamke na kisu changu ni cha vitunguu, akatafutwa mzee wa msikiti wa barabarani. Alikuja anahema, akala kuliko wote.

Masale yalipandwa siku zilizofuata. Mama Elibariki alipanda ya kwake mwenyewe, na wakati anapanda aliyasogeza yakaingia kwenye shamba lake. Kidogo tu, kwa urefu wa mkono. Nikamwambia, "Mama, umekosea, mpaka uko huku." Akaniambia nimwache, mbega wana mikia mirefu, wanahitaji nafasi ya kugeuka. Mkutano wa kijiji ulipofika, ajenda ya mkia ilisomwa, na mwenyekiti akauliza nani anaitetea. Watu wakaanza kuzungumzia daraja.

Kiangazi kilichofuata nilikaa pale pembamba asubuhi na mapema, nimesimama kama nilivyofundishwa. Wakaja. Dume kwanza, akaruka, mkia na mabega vimefunguka hewani kama shuka jeupe lililorushwa. Kisha majike. Kisha yule mwenye mtoto. Walipita juu ya masale ya Mama Elibariki hadi mtoni bila kugusa ardhi, na nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliye uwanjani. Nimeona jambo hilo kila kiangazi tangu hapo na bado napiga kelele. Nimeshindwa kulielewa likaisha. Ndiyo sababu mlinikuta hapa.

Tusifike mbali. Juzi mlinikatia keki, mkanivika khanga, hotuba zikawa ndefu. Hamkuona kilichotokea baadaye, kwa kuwa mlikuwa mnagombania soda. Mama Elibariki alinisubiri getini. Sasa anatembea kwa mkongojo, na wajukuu waliomsindikiza wana meno meupe hayo, wanacheka ovyo kwa kuyaonyesha. Alikuwa ameshika kitu nyuma ya mgongo. Alipokileta mbele nikaona sale moja, limefungwa kwa nyasi.

Safari hii nilijua maana yake.

"Mama! Umenikosea nini?"

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado sijakukosea. Lakini nasikia unaondoka, unataka kwenda kuona Ziwa Nyasa kwa huyo Komba wenu, kwa sababu hujawahi kufika. Mimi nitabaki hapa na vitoto hivi vya getini visivyojua kucheka. Nitakusema vibaya, Zai. Kila siku asubuhi kwenye uzio nitakusema vibaya sana. Nimeona niombe radhi mapema."

Nililipokea kwa mikono miwili. Goti halikuwa rahisi kama zamani, ikabidi wajukuu wake waniinue.

Nimelipanda kushoto kwa geti, mkiingia, karibu na bomba. Bado dogo, linafanana na nyasi. Mkipita hapo na fyekeo, lizungukeni. Na asubuhi, kabla hamjaenda kokote, nendeni kwenye uzio mkamsalimie, mumwache aseme.